Jino Langu na Jiwe la Makande

Jino langu la mbele lilimeguka katika mwaka wa tatu wa uwali wangu, asubuhi moja ya ukungu, mahali ambapo sikutakiwa kuwapo. Nasema hivyo mwanzoni kabisa kwa sababu najijua: nikichelewa kidogo tu nitaanza kutafuta visingizio, na visingizio nimeshavitumia vya kutosha. Wajukuu zangu wakiniuliza kwa nini meno yangu mawili ya juu yamechongwa, ilhali dada zangu wote walizikwa na meno yao yalivyoumbwa, huwa nawajibu kwamba ndiyo mila ilivyokuwa wakati wa Mdachi. Wananiamini. Mzee akishataja mila, watoto hawaulizi tena.

Kwetu ni juu milimani, Uluguruni, upande unaotazama mji wa Morogoro. Siku hizo msichana akishapevuka aliwekwa ndani, asionwe na mwanamume wala kupigwa na jua mpaka siku ya kutolewa, na kwetu hilo halikuwa jambo la mwezi mmoja. Mimi nilikaa miaka mitatu. Nilipakwa mafuta ya nyonyo, nikasuka mikeka, nikafundwa, nikanenepa. Nikitoka kwa haja nilifunikwa kaniki gubigubi na bibi yangu mzaa mama alinishika mkono. Kusema kulikuwa kwa kunong'ona tu. Kwa mtu mwenye mdomo kama wangu, kunong'ona kulikuwa kugumu kuliko giza.

Mwali alitakiwa atoke mzima kama alivyoingia. Akitoka na kovu jipya, watu wa upande wa mume walikuwa na haki ya kuuliza amelipata wapi, maana ndani ya nyumba kuna nini cha kumkata? Na jibu walikuwa nalo wenyewe: alikuwa anatoroka kwenda nje. Hapo mahari hudaiwa, mjomba huinamisha kichwa mbele za watu, na msichana huanza kuwekwa ndani upya au huachwa kabisa mpaka atokee mzee wa kumhurumia.

Mchumba wangu alikuwa ameniona mara moja tu kabla sijaingia ndani, kwenye chemchemi, nikicheka. Nilikuwa nikimcheka yeye, kwa sababu dada yake alikuwa mgonjwa na yeye amejitwika mtungi kichwani kama msichana, maji yanamchuruzika hadi magotini. Badala ya kukasirika akatuma watu wakamuulizie yule binti mwenye meno mazuri. Ndivyo nilivyojulikana kwao, kwa meno. Kisha akashuka kwenda kufanya kazi ya reli, ambayo Wadachi walikuwa wameshaifikisha Morogoro na sasa wanaisukuma kwenda bara. Upepo ukivuma kutoka chini asubuhi niliweza kusikia garimoshi likipiga filimbi. Nilisikia filimbi hiyo nikiwa nimekaa gizani, nikasuka mikeka, nikaisikia tena, mpaka nikawa sitaki kingine chochote duniani ila kuona huo moshi wake.

Basi asubuhi hiyo mama alikuwa ameshapanda kwenda shambani. Bibi alikuwa uani, ameupa kisogo mlango, anachambua maharage kwenye ungo. Nikajifunika kaniki, nikapita nyuma ya nyumba katikati ya migomba, nikafika kwenye jabali ambalo ukisimama juu yake unauona mji wote na tambarare yake mpaka mbali. Nilikuwa nimelisimamia mara mia utotoni. Siku hiyo sikuona kitu. Ukungu ulikuwa umejaa bonde lote, mweupe, hata mti mmoja wa chini haukuonekana. Nikasikia filimbi, nikasogea hatua mbili mbele kana kwamba hatua mbili zingesaidia, na jabali lilikuwa limelowa. Nilianguka kifudifudi, mdomo ukatangulia.

Kipande kilikuwa kwenye majani, kikubwa kidogo kuliko punje ya mchele. Nikakiokota, nikarudi mbio, na bibi alikuwa bado ameupa kisogo mlango, vidole vyake vinakwenda juu ya ungo. Nikalala kwenye kitanda changu cha kamba nikiwa nimefumba mdomo, nikinyonya damu, nikifikiri. Wapo watu wakiogopa hulia. Mimi nikiogopa akili huwa kali, na hiyo ndiyo hasara yangu kubwa.

Mchana mama alirudi na tukaletewa makande. Nikachota, nikatafuna mara moja, nikapiga yowe. "Jiwe!" nikasema, na kipande cha jino nikakitemea kiganjani mbele ya macho yao.

Mama akaja na kijinga cha moto akanimulika mdomoni. Jino la mbele la juu, upande wa kulia, lilikuwa limemeguka pembe nzima. "Liko wapi hilo jiwe?" akauliza.

"Nimelimeza."

Hakuna aliyeniuliza zaidi. Mama aligeuka akamtazama bibi, na bibi alikuwa ameshaweka bakuli lake chini.

Hapa lazima nieleze bibi alikuwa nani, la sivyo hamtaelewa nilichokifanya. Bibi yangu ndiye aliyekuwa akichagua mbegu. Si mbegu za nyumba yetu peke yake. Kabla ya mvua za kupandia wanawake wa mlima wetu walikuja na makapu yao ya maharage na mahindi, wakakaa naye uani kutwa nzima, yeye akimwaga kiganja kimoja kimoja kwenye ungo na kutenga: hii ya kula, hii ya kupanda, hii imeliwa na mdudu ndani ingawa nje ni nzima. Alikuwa akigusa tu anajua. Watu walisema shamba lililopandwa mbegu zilizopita kwa bibi huota bila mapengo. Lakini mwaka huo macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na yeye mwenyewe alilijua hilo, ila lilikuwa halijasemwa na mtu. Nililisema mimi, kwa neno moja, huku natafuna.

"Ni mimi," bibi akasema. "Nimemvunja mwali."

Mama hakumkaripia. Ingekuwa afadhali angemkaripia. Kesho yake asubuhi aliuchukua tu ule ungo kutoka kwa bibi, akakaa nao upande wa pili wa ua, akachambua mwenyewe. Bibi alibaki na mikono mitupu mapajani. Nilikuwa nawaona kupitia ufa wa mlango, na nilitaka kutoka nikaseme, na mwali hatoki. Ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba nilikuwa mwoga.

Ilikuwa imebaki kama miezi miwili nitolewe. Jino lilitakiwa lipatiwe dawa, na dawa yenyewe iwe ya bei ya watu wanaolima maharage, na mgonjwa asivuke kizingiti.

Bibi alianza kwa ulimbo. Alichemsha utomvu wa mfenesi mpaka ukawa mzito, ule ambao wavulana hunasia ndege, akapaka kwenye kipande kilichovunjika, akakibandika mahali pake akakishikilia kwa kidole kutwa. Kweli kikakaa. Pia mdomo wangu wa juu ukashikana na ufizi, na kwa siku mbili nilikuwa siwezi kuufunga wala kula. Siku ya tatu njaa ikanishinda nikanywa uji, na kipande kikadondoka ndani ya uji wa moto. Mama akataka kuumwaga nje. Bibi akasema subiri, akaingiza vidole viwili kwenye bakuli, akapapasa, akakitoa papo hapo. Kipande cha punje ya mchele, kwenye uji mzito, ndani ya nyumba yenye giza. Nilimkodolea macho. Nilimtazama na mama, nikingoja aone nilichokiona, kwamba vidole hivyo haviwezi kupitwa na jiwe. Mama alikuwa anatafuta kitambaa cha kumfutia.

Baada ya ulimbo kushindwa, mjomba akaitwa. Kwetu mwenye usemi juu ya mtoto ni mjomba. Baba yangu alikuwapo, mtu mwema sana, akapewa habari kama jirani na akasikitika kama jirani. Mjomba alisikiliza, akaomba aonyeshwe kile kipande, akakigeuzageuza. Yeye ndiye aliyenisimamia kwa wachumba na alikuwa ameshapokea vitu vyao, kwa hiyo jino langu lilikuwa ndani ya mdomo wake pia.

Ng'ambo ya mlima kulikuwa na misheni, na padri mmoja wa huko alikuwa akiwatibu watu meno bila kutoza kitu. Sisi ni Waislamu, lakini jino halina dini. Mjomba akaenda, njia ya kupanda na kushuka, akarudi kesho yake amechoka.

"Ana koleo," akasema. "Padri ni mtu mzuri, amenipa na viazi. Lakini kazi yake ni kung'oa. Kupunguza anajua, kuongeza hajui."

"Na wale wa boma, mjini?" mama akauliza.

"Nao wana koleo. Kubwa zaidi."

Ndipo bibi alipovua bangili yake. Ilikuwa ya fedha, ya mama yake mzazi, na kwetu vitu vya namna hiyo hufuata tumbo la mama, ingekuwa yangu siku ya kutolewa. Alikuwa amesikia kwamba Morogoro, karibu na soko, yupo sonara anayewavisha watu meno ya fedha na dhahabu. Dhahabu hatukuifikiria hata kwa utani. Fedha ilikuwa pale mkononi mwake. "Akatie hapa," akamwambia mjomba, "kinachobaki kiwe ujira wake."

"Atataka kuuona mdomo, mama."

"Atauona."

Akachukua donge la nta ya nyuki, akalilainisha motoni, akaniambia ning'ate. Nilipoachia, pale kwenye nta palibaki alama ya meno yangu yote ya mbele, hata ile pembe iliyopungua ilionekana sawasawa. Sijawahi kuona kitu cha akili kama kile. Hata mjomba, ambaye hakuwa mtu wa kusifu wanawake hovyo, alisema dada zake wametoka mahali pazuri. Nta ikapoa, ikawa ngumu kama kuni, ikafungwa kwenye jani la mgomba, na alfajiri mjomba akateremka nayo.

Sasa, sisi ni watu wa juu. Huku nta ikipoa imepoa. Unaweza kuiweka rafuni mwaka mzima. Mjomba alishuka mlima wote na baridi yetu mgongoni, akafika chini jua limeshapanda, na kwa kuogopa kwamba wezi wa sokoni watamwibia, akaivua ile nta kwenye jani akaificha ndani ya kofia yake, kichwani. Akakutana na watu wa ukoo. Wakasalimiana, wakaulizana habari za wagonjwa na za kodi ya nyumba, nao wamesimama juani pale pale. Alipofika kwa sonara akavua kofia kwa heshima.

"Huyu mtu ana meno ya namna gani?" sonara akauliza.

Mjomba alikuja kutusimulia hayo yeye mwenyewe, bila kuficha, ndiyo maana sikuweza kumkasirikia. Alisema nta ilikuwa bado ina alama, ila zilikuwa zimetanuka kidogo. Sonara alitaka aletwe mwenye mdomo. Mjomba akasema mwenye mdomo ni mwali. Sonara akacheka, akasema yeye hutengeneza vitu vya watu anaowaona, lakini akichukua bangili atajaribu, ila lawama asipewe. Mjomba akampa. Akalala mjini siku mbili akingoja.

Kile kifuniko kilikuja kimefungwa kwenye karatasi. Kiling'aa sana. Bibi alikipokea kwa mikono miwili, akakipeleka mdomoni mwangu, na kikaingia kwenye jino kama kofia ya mtu mzima kwenye kichwa cha kitoto. Akajaribu kukibana. Akajaribu kukijaza nta ndani. Nilipofumba mdomo kikageuka upande, nilipofumbua kikaanguka.

"Kingemfaa ng'ombe," mama akasema.

"Ng'ombe hana meno ya mbele ya juu," mjomba akajibu. Hakuwa akifanya mzaha, alikuwa mtu wa kupenda mambo yasemwe sawa.

Bibi hakucheka. Alikuwa anajishika kifundo cha mkono pale bangili ilipokuwa ikikaa. Ngozi ya hapo ilikuwa nyeupe na nyembamba. Alisema taratibu kwamba kosa moja limezaa la pili, na yote yametoka kwenye vidole vyake.

Siku hiyo hiyo, bibi alipokwenda kisimani, nikamwambia mama. Nilinong'ona kama mwali anavyopaswa, lakini nilimwambia yote: jabali, ukungu, filimbi. Mama alikuwa anamenya ndizi. Aliendelea kumenya mpaka akamaliza ile aliyoishika.

"Nani alikuona?"

"Hakuna."

"Basi hukutoka."

"Na bibi?"

"Bibi yako macho yake ni mabovu, ulitoka ama hukutoka."

"Lakini jiwe halikuwamo, mama. Hakukosea."

Akaniangalia kwa hasira ambayo sijaisahau, kisha hasira ikamwishia na akaonekana amechoka tu. Akanieleza. Bibi ndiye aliyewafunda wasichana wa mlima ule kwa miaka yote, na mtu aliyewafungia ndani binti za watu hawezi kumficha mjukuu wake mwenyewe. Akiambiwa, atasimama yeye mwenyewe aseme mwali huyu ametoka, aanze upya. Vitu vya wachumba vitadaiwa na vingine vimeshaliwa. Mjomba hatainua uso. "Ukishaolewa," mama akasema, "umwambie unachotaka. Sasa hivi funga huo mdomo, au jino ulilivunja bure?"

Nikafunga mdomo. Wakati ule niliona nimetii. Leo naona pia kwamba nilifurahi kuamriwa.

Ikabaki njia moja, ile ya watu wa kale: kama jino moja haliongezeki, basi la pili lipunguzwe. Yakichongwa yote mawili, pembe kwa pembe, hakuna atakayejua kwamba moja lilitangulia kuvunjika. Kuchonga meno kulikuwa kumeanza kuachwa hata milimani, lakini mlima wa pili alikuwapo mzee mmoja aliyeijua kazi hiyo, na ujira wake ulikuwa kuku na kibuyu cha asali. Tatizo ni kwamba alikuwa mwanamume. Wakajadiliana siku tatu. Mwishowe nikafunikwa kaniki kichwa kizima, likatobolewa tundu la mdomo, akaingizwa ndani. Hakuwahi kuniona macho. Nami sikumwona. Nilisikia tu harufu ya ugoro.

"Huyu ndiye?" akauliza.

"Huyo," mama akasema.

"Mwambie afumbue."

Bibi alikaa nyuma yangu, kichwa changu mapajani mwake, amenishika mashavu. Mzee aliweka kijiti katikati ya taya ili nisifumbe, akaanza kugonga kwa kijisu na jiwe dogo, kisha akasugua kwa tupa. Maumivu ya jino zima linalopunguzwa siwezi kuyaeleza, na sitaki. Yaliingia mpaka nyuma ya macho. Lakini kilichoniumiza zaidi ni kwamba bibi alianza kuniomba radhi. Alikuwa ameinama, mdomo wake karibu na sikio langu juu ya ile kaniki. "Nisamehe, mke mwenzangu," aliniita hivyo tangu utotoni kwa utani. "Nisamehe. Ni macho yangu. Nisamehe." Aliyasema tangu mzee alipoanza mpaka alipomaliza. Nami nilikuwa na kijiti kati ya meno na vidole vya mwanamume ndani ya mdomo. Hata ningetaka kusema nisingeweza. Nililia, na bibi akadhani nalia kwa maumivu, akazidi kuomba.

Nilitolewa baada ya mavuno. Nilibebwa mabegani, ngoma ikapigwa, jua likaniumiza macho mpaka sikuona sura ya mtu. Wanawake wa upande wa mume walinikagua kama ilivyo ada, wakanifumbua mdomo, mmoja akasema kazi nzuri ya namna hii ya kuchonga hawajaiona tangu kwa mama zao. Mjomba alikohoa, akasimama wima. Kwa hiyo walivyotaka ndivyo ilivyokuwa, hakuna aliyeuliza kitu.

Mume wangu ndiye aliyeuliza, tulipokuwa peke yetu. "Nani alikuchonga?" akasema. "Kule relini vijana wanawacheka waliochongwa, wanasema ni watu wa porini." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amekaa na watu wa kila kabila na alitaka kuonekana ameyaona mambo. Lakini mimi nilijifunika mdomo kwa mkono, na mkono huo niliuweka hapo kwa muda mrefu, hata nilipocheka. Alikuwa ameoa meno na akapewa mkono. Garimoshi alinipeleka kuliona, nikaliona. Lilikuwa jeusi na lina kelele, nami nililitazama kwa chuki mpaka likaondoka.

Nilirudi kwetu kwa mara ya kwanza mvua za kupandia zilipokaribia. Njia nzima ya kupanda mlima nilikuwa nikiyapanga maneno yangu. Sasa nilikuwa mke wa mtu, hakuna wa kunianzisha upya, hakuna wa kudai kitu. Nilikuwa nimekuja kumrudishia bibi vidole vyake.

Mama alikuwa uani na ungo, anachagua mbegu. Hapakuwa na mwanamke hata mmoja wa jirani. Nilimuuliza wako wapi, akasema wanajichagulia wenyewe majumbani siku hizi. Bibi alikuwa pembeni, amekaa kwenye kigoda na fimbo mkononi, analinda mahindi yaliyoanikwa yasiliwe na kuku. Hiyo ni kazi anayopewa mtoto wa miaka minne.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Hebu njoo nikuguse."

Akanigusa uso wote. Nikapiga magoti mbele yake nikamwambia. Sikunong'ona. Nilimweleza jinsi nilivyopita nyuma ya migomba yeye akiwa ameupa kisogo mlango, jinsi nilivyoanguka, jinsi nilivyokaa na kipande mkononi nikingoja makande. Nikamwambia jiwe halikuwamo, halikuwamo kabisa, nilimsingizia kwa sababu niliogopa. Nikaapa kwa jina la Mungu. Bibi alisikiliza kwa makini, kichwa ameinamisha upande, na nilipomaliza alikuwa anatabasamu.

"Mungu akulipe," akasema. "Wewe ndiye mjukuu. Umepanda mlima wote huu kuja kunitoa aibu."

"Bibi, si uongo. Muulize mama. Nilimwambia siku zile zile."

Mama aliacha kuchagua. "Ni kweli, mama," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Alitoka. Mimi ndiye niliyemnyamazisha."

Bibi akageuza uso kuelekea sauti ya mama, akaendelea kutabasamu. "Mmepatana wote wawili," akasema. "Nimezaa watu wema. Lakini msijitie dhambi ya kuapa kwa ajili yangu, mimi mambo haya nayajua. Lile jiwe nililigusa."

"Bibi."

"Nililigusa, mwanangu. Hapa." Akaninyooshea kidole cha shahada cha mkono wa kulia, akakisugua ncha kwa dole gumba. "Lilikuwa dogo, lina kona upande mmoja, na lilikuwa la baridi kuliko maharage. Nikajiambia ni harage lililokauka vibaya. Nikaliachia likaenda. Naliona kila siku hilo jiwe."

Nilimtazama mama, mama akatazama chini. Nikauchukua ungo kutoka kwake, na mbegu zake zote, nikauweka mapajani mwa bibi, nikakamata mkono wake nikauweka juu ya maharage. Vidole havikusogea. Akaunyanyua ungo kwa uangalifu punje isianguke, akaunyoosha kuelekea upande aliokuwa mama, akangoja mpaka ukapokelewa. Halafu akaniambia nimfukuzie yule kuku mwekundu, anamsikia anadonoa na yeye hamwoni yuko wapi.